Maswali na majibu ya saikolojia: uimarishaji hasi si kiboko

Maswali mengi ya wiki hii yametoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaojiandaa na mitihani, mengine kwa wazazi na ndugu. Nimeyafupisha. Waliotaka "mbinu za kusoma mawazo ya mtu" sitawajibu mmoja mmoja. Saikolojia haina mbinu hiyo, na anayewauzia anawaibia.

Shikamoo mwalimu. Desa letu linasema uimarishaji hasi ni kama kuchapwa kiboko. Mwenzangu anabisha. Nani yuko sahihi? (Mwaka wa kwanza, Kimara)

Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na hilo desa lichaneni. Watu wakisikia "hasi" wanaelewa "mbaya". Kwa Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza jinsi matokeo yanavyobadili tendo, chanya ni kuongeza kitu, hasi ni kuondoa kitu, basi. Neno linalofuata ndilo linalokueleza matokeo: uimarishaji huongeza tendo, adhabu hulipunguza. Kila mfano uulize maswali mawili: kimeongezwa au kimeondolewa? Tendo limezidi au limepungua? Usipoweza kujibu la pili, huo bado si mfano.

Tazama foleni ya dukani Sinza. Mtoto ameona pipi kaunta, anaangua kilio. Mama anavumilia, watu wanageuka kumtazama, mwishowe anatoa mia mbili. Kilio kinakatika. Hapo wamejifunza watu wawili. Mtoto amelia akaongezewa pipi: uimarishaji chanya, na kesho atalia tena. Mama amenunua, kelele ikamwondokea: uimarishaji hasi, na kesho atanunua mapema zaidi. Wanafunzi wengi humwona mtoto peke yake, wakapoteza nusu ya maksi.

Sasa kiboko. Maumivu yanaongezwa ili tendo lipungue, kwa hiyo ni adhabu chanya. Kumnyang'anya mtoto simu ni adhabu hasi. Lakini mwangalieni na anayechapa. Darasa la watoto themanini lina kelele, fimbo inapita, kimya papo hapo. Kelele imeondoka, na kwa hiyo tendo la kuchapa limeimarishwa, hata kama baada ya dakika kumi kelele zimerudi. Ndiyo sababu mtu anaweza kuchapa miaka ishirini huku akiapa kwamba kiboko kinasaidia: anapima kile kimya cha dakika moja.

Wala fimbo haimwonyeshi mtoto afanye nini badala yake. Inamzuia pale tu anapodhani ataonekana, kwa hiyo anachojua vizuri mwishowe ni kujificha na kudanganya. Tena maumivu hushikamana na vyote vilivyokuwepo wakati ule: ubao, hesabu, sura ya mwalimu. Hili la mwisho, kitu kuhusishwa na kilichotokea pamoja nacho, ni la Pavlov, Mrusi aliyewazoesha mbwa kudondokwa mate kwa sauti tu, si la Skinner, na mtahini hupenda kulitegea. Mtoto akiumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, kabla hujamwita mvivu uliza Jumatatu ana kipindi cha nani. Ukitaka darasa litulie, mtaje kwa jina aliyeanza kuandika, ndani ya sekunde chache, na useme hasa alichofanya vizuri. "Hongereni" ya jumla baada ya saa nzima haimfundishi mtu kitu.

Ni kweli Pavlov alipewa Nobel kwa mbwa na kengele?

Hapana. Alipewa mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula. Na hakutumia kengele peke yake. Metronomu ilikuwemo pia.

Nakesha na desa mpaka saa kumi usiku, nalisoma mara nne, lakini mtihanini natoka kapa. Nina tatizo la kumbukumbu? (Ubungo)

Kumbukumbu yako ni nzima, tatizo ni hizo mara nne. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu cha maandishi. Kundi moja lilipata vipindi vinne vya kukisoma. Jingine lilipata kipindi kimoja cha kusoma, na vitatu vya kuandika wanachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma tu walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja waliosoma tu walibaki na 40, walioandika wakabaki na 61. Mara ya nne unaposoma desa, sentensi unazitambua kwa sura, ukadhani unazijua. Mtihani hauulizi kama unazitambua, unakutaka uzitoe kichwani.

Fanya hivi. Soma kurasa mbili, funga desa, andika kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka, hata kwa vipande. Fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Hiyo nyekundu ndiyo ya kusoma tena, si kurasa zote. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kila mara ukianza na karatasi tupu. Kuachanisha siku kuna sababu: Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi hupungua. Ukirudi kesho yake unaiwahi.

Desa la vipengele kumi na vinne usilibebe zima. Mwanasaikolojia Miller aliandika mwaka 1956 kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hushika vitu saba, kuzidi au kupungua viwili. Wataalamu wa baadaye wameshusha hadi vinne hivi. Vipange katika mafungu manne yenye majina yako mwenyewe, kama unavyoishika namba ya simu kwa vipande. Na saa kumi usiku uwe umelala: usingizi ni sehemu ya kazi ya kuhifadhi ulichosoma, ukiukata unakata na masomo.

Mimi ni mtu wa kujifunza kwa kuona. Nisome vipi?

Kama wenzako. Mwaka 2008 Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mtu akifundishwa kwa "mtindo" wake anaelewa zaidi. Ramani kila mtu anahitaji kuiona, matamshi kila mtu anahitaji kuyasikia. Somo ndilo linaloamua. Walimu, acheni kuwagawa watoto kwa dodoso hizo.

Je, tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Hapana, na swali hili naomba lisirudi. Ingekuwa kweli, kiharusi kingepiga sehemu kubwa ya ubongo bila mtu kudhurika. Waulizeni wanaouguza wagonjwa wa kiharusi.

Habari za kazi mwalimu. Mdogo wangu anabeti kila siku, analiwa, haachi. Hana akili? (Dada yake, Mbagala)

Akili anazo, dada. Amenaswa na ratiba ya malipo. Kwenye majaribio ya Skinner, njiwa anayepata punje kila akidonoa, punje zikikatika huacha upesi. Anayelipwa bila mpangilio, mara baada ya kudonoa mara tano, mara hamsini, hudonoa kwa kasi na huchelewa sana kuacha. Mkeka, yaani orodha ya mechi anazobetia, unalipa vivyo hivyo. Timu tisa zimetiki, ya kumi inasawazishiwa dakika za majeruhi, mkeka umechanika. Hajapata hata shilingi, lakini moyoni anasema "nilibakiza timu moja", na jioni anaweka mwingine.

Hukuuliza, ila jiangalie na wewe. Ukimkatalia mkopo mara mbili na ya tatu ukampa elfu kumi, umemlipa bila mpangilio, umemfundisha kwamba anayeomba sana hupata. Ukiamua kuacha, jua siku za mwanzo ataomba kwa nguvu zaidi, atalia, ataleta habari za ugonjwa. Tendo lililonyimwa malipo huwaka kwanza kabla ya kuzima, na ukitoa fedha hapo umeimarisha lile kali zaidi. Mpikie, mlipie matibabu mwenyewe hospitalini, lakini taslimu mkononi usimpe. Akifikia kukopa ili arudishe alicholiwa, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili, maana kamari iliyomshika mtu hivyo ni ugonjwa unaotambulika.

Mume wangu asubuhi anacheka, jioni amenuna. Ni bipola?

Kwa hayo peke yake, hapana. Bipola ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na kipindi kamili cha kupanda huchukua wiki nzima au zaidi: mtu analala saa mbili tatu na hachoki, anaongea bila kituo, anatapanya fedha. Ugonjwa huu si jina la kumbandika mtu aliyekuudhi. Likigeuzwa tusi, mgonjwa halisi ataficha hali yake.

Cha kuangalia zaidi ni sonona: wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu hana raha hata na alichokipenda, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, anajiona hafai. Akitaja kufa, msiseme anatafuta huruma. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanangu wa miaka sita aling'atwa na mbwa mwezi uliopita. Sasa anaogopa hata mbuzi. Tumebadili njia ya kwenda shule. Ataacha kuogopa? (Mama yake, Mbezi)

Kwanza jeraha, mama. Alichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa? Kama hapana, mpeleke hospitali leo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na wengine wote: mbwa akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali hata kama ni mkwaruzo.

Hofu kuhama kutoka kwa mbwa hadi kwa mbuzi tunaiita ujumlishaji. Wanasaikolojia wa Marekani Watson na Rayner waliionyesha mwaka 1920 kwa mtoto waliyemwita Albert: kila alipomgusa panya mweupe walipiga nyundo kwenye chuma nyuma yake, na baadaye akaogopa hata sungura. Jaribio hilo leo lisingeruhusiwa. Kinachoilea hofu ya mwanao ni ile njia mliyobadili. Kila mnapokwepa, wasiwasi unamwondokea, na kukwepa kunaimarika. Ni uimarishaji hasi tena.

Panda naye ngazi. Picha za mbwa, kisha video isiyo na sauti, kisha yenye sauti, kisha mbwa mpole aliyefungwa, mwenyewe yupo, mkiwa mita 30, halafu 20, halafu 10. Aonyeshe hofu yake kwa vidole: kumi ni ya kupiga mayowe, kimoja ni shwari. Kaeni kwenye ngazi moja mpaka vidole vinane viwe vitatu, ndipo mwondoke. Mkiondoka vikiwa vinane, mmemfundisha kuwa kukimbia ndiko kulikomwokoa. Akikwama shukeni ngazi moja, msimburute wala msimcheke. Dakika kumi na tano, siku nyingi za wiki, na mbwa wa mtaani wasihusike kabisa. Si lazima afike kumshika mbwa. Siku atakayopita njia ile ya zamani ameshika mkono wako bila kuubana, endelea naye kuipita kila siku.