Jibu: Picha zangu za bahari hazijibiwi kundini, je, ninunue kamera?

Mdogo wangu wa Kisauni, nimeusoma uzi wako wote pamoja na majibu uliyopewa. Kwa wanaoingia sasa: ndugu yetu hupiga picha za mandhari kwa simu, huamka alfajiri kwenda fukwe za Nyali na Shanzu hapa Mombasa, na akizituma kundini hupata "maashallah" mbili tatu kisha kimya. Anauliza kama adunduize pesa anunue kamera, au aachane na mambo haya kabisa. Wengi wamekujibu kwa aina za kamera na bei zake. Mimi nitakujibu kwa upande mwingine, kwa sababu shughuli hii nimekaa nayo miaka, na nilichokiona ni kwamba watu hawanyamazi kwa sababu ya simu yako.

Nimezifungua picha zako moja moja. Ile ya Shanzu yenye jiwe jeusi mbele na maji yakiteremka pembeni ni picha nzuri hasa. Lakini umeituma peke yake, na chini yake umeandika "Asubuhi njema wapendwa". Sasa mtu akujibu nini? Atakusifu, basi. Hukumpa pa kushikia. Picha ya asili ina habari nyingi ndani yake, na anayezijua ni wewe uliyesimama pale. Ukizizuia, msomaji anabaki na rangi tu, na rangi za jua linalochomoza ameshaziona sana kwenye simu yake.

Nikupe mfano. Kundini mwetu yumo mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, sote twamwita Ami. Kamera hana, aliingizwa na mjukuu wake ili aone bahari siku ambazo miguu haimruhusu kutoka. Niliweka picha ya Nyali, mashua tatu zimetia nanga, jua limepanda kidogo. Wenzangu wakasifu. Ami akauliza: "Mwanangu, maji hapo yatoka au yaingia?" Nikamjibu, yatoka, Ami. Akasema hata yeye ameona hivyo, na akaanza kutusomea picha ile kipande kwa kipande. Omo za mashua zote tatu, yaani ncha zao za mbele, zimeelekea kusini, basi upepo ni wa kusi, unaotoka huko kusini. Kamba za nanga zimelegea, basi upepo wenyewe bado mdogo, utashika jua likipanda. Mstari wa majani ya bahari uko juu karibu na mchanga mkavu, hapo ndipo maji ya usiku yalipofika, na mchanga ulio chini yake ungali unang'aa kwa unyevu. Akamalizia kwa kusema siku kama hiyo yeye angetoka mapema na kurudi mapema.

Mazungumzo yaliendelea hadi usiku. Dada mmoja wa Tudor akatoa picha yake ya Januari, pahali palepale Nyali, omo zote zimegeukia kaskazini. Tukaziweka mbili hizo pamoja, na kijana ambaye maisha yake yote ameishi Mombasa akaandika kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuziona pepo za kusi na kaskazi kwa macho. Picha zenyewe hazikuwa za ajabu. Zilipigwa kwa simu zote mbili.

Kwa hivyo ninachokushauri ni hiki: tuma picha moja badala ya nane, na uiandikie habari zake. Sema ni wapi, tarehe gani, saa ngapi, maji yalikuwaje, upepo ulikuwa upi. Kama kuna mti au ndege, mtaje. Kama humjui, uliza. Swali la kweli huleta majibu kuliko sifa zozote. Mimi nimejifunza mikoko yote kwa njia hiyo. Niliweka picha ya matope ya Mikindani, vimizizi vimesimama wima kama penseli, na mama mmoja akanieleza kuwa hiyo ni mizizi ya mchu, aina moja ya mikoko, inayotoka juu ili ipate hewa kwa sababu ndani ya matope hewa haipiti. Mwingine akaongeza kwamba ile aina iitwayo mkoko hasa haifanyi hivyo, husimama kwa mizizi ya kupinda kama miguu ya buibui, na muia, aina nyingine, una mizizi yenye magoti. Tangu hapo sipigi tena picha ya "mikoko" kwa jumla. Nainama, natafuta mizizi, najua napiga nini.

Na ukianza kuandika hali ya maji, utaanza pia kuyapangia. Hapa kwetu maji ndiyo saa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, bahari hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, kisha hujaa mnamo saa 10 jioni. Siku za maji mafu, zilizo kati ya bamvua moja na nyingine, mambo hugeuka, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Maana yake ni kwamba jua la Nyali linachomoza kwenye bahari tofauti kila juma. Alfajiri ya bamvua maji yako njiani kutoka, yanaacha mifereji mchangani, na mwanga wa chini unaiangaza yote. Ndiyo alfajiri ninayoipenda kuliko zote.

Kwa ndege ni vivyo hivyo. Vitwitwi, ndege wa ufukweni wanaotoka Ulaya na Asia, huanza kufika kama mwezi wa Agosti na wengi huondoka kufikia Aprili. Ukiwafuata kwenye matope wanaruka, utarudi na picha za migongo. Chagua mchana wa bamvua, nenda upande wa bara wa hori la Tudor, Mikindani au Jomvu, ukae chini jua likiwa nyuma yako, na usisogee. Maji yakiingia yanafunika matope kidogo kidogo, na ndege wanasukumwa kuja ulipo wewe. Hapo hata simu inatosha, ilimradi usitumie zumu yake, bali upige kisha ukate picha baadaye.

Sasa kuna jambo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha kuhusu picha hizi za kawaida. Zinakuwa kumbukumbu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta matope mengi upande wa hori la Mwache, yakafunika mizizi, na mikoko ikafa. Leo ukitaka kuonyesha msitu ulivyokuwa kabla, unahitaji mtu aliyepiga picha akaandika tarehe. Pale Bamburi, Haller Park ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu lenye joto, kabla René Haller hajaanza kupanda mivinje mwaka 1971. Bila picha za wakati ule kijana wa leo anayepita chini ya kivuli hawezi kuamini. Na Makupa, tangu tuta la barabara lililoziba maji lilipoondolewa na daraja jipya kufunguliwa 2022, maji yanapita tena kutoka upande wa Tudor kwenda Port Reitz. Ukisimama pahali pamoja, ukapiga upande uleule kila msimu, ukaandika tarehe, unafanya kazi ambayo watakaokuja baada yetu wataihitaji. Kwa ndege upo mradi wa Kenya Bird Map unaopokea taarifa za watu wa kawaida kama sisi, nchi imegawanywa kwa viwanja vya takriban kilomita 9 kwa 9. Kwa viumbe vyote ipo iNaturalist, unapakia picha na watu wanakusaidia kupata jina. Picha yako ya chura wa Kisauni ina thamani kule kuliko machweo mia.

Lakini si kila habari ya kutangazwa, na hapa naomba unisikilize sana. Kiota cha kasa usikitaje mahali pake, hata kwa watu unaowaamini, maana picha husambazwa mbele na mayai yana wanaoyatafuta. Mayai hukaa mchangani yapata miezi miwili, na kwa muda wote huo usalama wake ni kutojulikana. Vifaranga wakitoka, hakuna flashi wala tochi, wao hufuata mwanga kuelekea baharini na taa yako inawapoteza. Bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke naye ni hivyohivyo, yuko hatarini kutoweka, na akishajulikana mti anaolala mchana watu hawampi usingizi. Andika "Arabuko-Sokoke", inatosha.

Wengi wenu hamjui kwamba simu huandika mahali ndani ya picha yenyewe. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, habari hizo huondolewa na picha hupunguzwa ukubwa. Ukiituma kama faili, inakwenda nzima pamoja na mahali ulipoipigia. Kwa picha ya kiota, zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla hujatoka nyumbani. iNaturalist yenyewe huficha mahali hasa pa viumbe vingi vilivyo hatarini, kwa hiyo pale uko salama zaidi kuliko kundini.

Na kuna picha moja ambayo mimi siisifu, aiweke nani: kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota, kimetolewa majini, kimewekwa kiganjani, mtu anatabasamu. Bamvua ikitoa maji, watu wanatembea hadi mwambani kwa viatu, wanakanyaga matumbawe, wanainua kila kitu. Kile kiumbe hupumua majini. Sehemu hiyo ya mbele ya Nyali na Bamburi ni hifadhi ya bahari tangu 1986. Kila tunapoisifu picha ile, tunamtuma mwingine akafanye vilevile wiki ijayo. Kipige kikiwa ndani ya maji, miezi ya kaskazi maji huwa safi, utakiona vizuri kabisa kutoka juu bila kukigusa.

Mengine kwa ufupi. Watu waombe ruhusa, hasa akina mama wanaoogelea na nguo zao na watoto wanaocheza ufukweni. Kivukoni Likoni na kwenye maeneo ya bandari usitoe simu kupiga, askari watakusimamisha. Droni zina sheria zake chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, usirushe bila kibali. Picha ni mali yako tangu ulipoipiga kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, hata kama hukuandika jina lako juu yake, kwa hiyo hoteli ikiitumia bila kukuuliza una haki ya kudai. Mimi siandiki jina kubwa katikati ya picha, linaua kitu chenyewe. Natuma nakala ndogo, ile kubwa nabaki nayo.

Umeuliza pia kwa nini anga lako linatoka jeupe. Gusa kioo pale penye anga, kisha teremsha mwanga kwa kidole mpaka mawingu yaonekane, ufuo ukiwa giza kidogo si neno. Washa mistari ya gridi ili bahari isilale upande. Na pangusa lenzi kabla ya kila picha kwa kitambaa laini, si kwa shati lenye jasho, chumvi ya upepo huganda pale bila wewe kuiona na picha zote zinatoka na ukungu.

Kamera, basi. Ukijikuta unataka ndege kila mara na simu haimfikii, hapo ndipo utafute iliyotumika yenye lenzi ndefu, na uijaribu mkononi kabla ya kutoa pesa, ukiangalia kuvu ndani ya lenzi kwa kuielekeza kwenye mwanga. Unyevu wa Mombasa huotesha kuvu haraka, na muuzaji hatakuambia. Ukiwa bado unapenda mandhari, jua, miti na maji, baki na simu uliyonayo. Kesho ile picha ya Shanzu iweke upya hapa, uandike ilikuwa tarehe gani na maji yalikuwa yakienda wapi. Nitamtumia Ami.