Jibu: Tangi la akriliki linavuja kwenye kona

Asalaam alaykum ndugu yangu wa Chake. Umesema tangi lako la lita 40 linavuja konani japo umepaka silikoni mara mbili. Tatizo ni hiyo gundi ya silikoni: kioo hukishika, akriliki (plastiki ngumu inayopenya mwanga kama kioo) haiishiki vizuri. Yangu niliibandua kwa ukucha tu, ikatoka utepe mzima.

Ing'oe yote, kisha tazama kingo kwanza. Ukiona meno ya msumeno, piga msasa juu ya ubao ulionyooka mpaka vipande vikutane bila mwanga kupenya. Usichome ukingo kwa moto kuung'arisha. Ukingo uliochomwa ukiguswa na gundi hufanya nyufa ndogondogo. Tafuta gundi nyepesi kama maji, ile inayoyeyusha akriliki yenyewe, uidondoshe kwenye maungio kwa bomba la sindano, itajivuta ndani. Fungua madirisha, harufu yake kali mno. Subiri siku 2, ujaribu maji uani. Mimi sijatengeneza tangi linalozidi lita 60.