Tumbo la Jumapili jioni

Wiki iliyopita mama mmoja wa Malindi ameniandikia. Bintiye wa miaka 15 hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, na juzi amesema anatamani asingezaliwa. "Ni utoto tu, dada?" Swali hilo niliwahi kujiuliza, nikajijibu vibaya.

Mwanangu alikuwa kidato cha pili hapa Lamu. Kila Jumapili jioni tumbo lilimsokota. Ulikuwa wahka, hofu isiyotulia, nami sikujua. Zahanati walitupa dawa ya vidonda vya tumbo. Bibi yake akasema ni hasadi. Akasomewa dua, akanywa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Mimi nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Mwanamume hujikaza." Akajikaza. Akaacha mpira. Akaanza kugawa vitu vyake, hata viatu vya Idi, nami nikamsifu kwa ukarimu. Hilo linaniuma hadi leo.

Usiku mmoja akanambia, "Mama, nimechoka. Mkinikosa msilie." Asubuhi tulikuwa kwa mshauri nasaha. Mshauri yule alimuuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Nilitaka kumziba mdomo. Mwanangu akajibu "Ndiyo", kisha akalia kama mtu aliyetuliwa gunia. Nilidhani kuuliza humtia mtoto wazo. Sivyo, kuuliza humpa nafasi ya kusema.

Si kila mtoto mwenye wahka atafika huko, wengi hawafiki. Lakini wahka usiokwisha, ukichanganyika na huzuni na kukosa usingizi, humfanya mtoto aone hakuna pa kutokea. Shirika la Afya Duniani linasema kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya walio kati ya miaka 15 na 29. Kwa hiyo wazazi wenzangu, tuache kusema "atazoea". Tuache kuona haya. Wengine walificha kwa kuogopa polisi, ila Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha kumwadhibu aliyejaribu kujiua kinakiuka Katiba.

Leo mwanangu amemaliza kidato cha nne, na bado tunakwenda kwa mshauri. Najivunia hilo la pili kuliko cheti.

Dada yangu wa Malindi, muulize leo, kwa neno lenyewe. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Dawa zote na chochote cha kumdhuru viwe mbali naye, na mpeleke hospitali. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo. Ukishamuuliza, niandikie, hata iwe usiku wa manane. Nitakuwa macho.