Bao nililijulia barazani, si kwenye simu

Mkuu, umeuliza kwa nini miezi minne ya video na programu ya bao kwenye simu haijakusaidia, na kila ukikaa na watu unafungwa. Yalinikuta hayo hayo, tena nikijiona nimeiva. Sheria za bao la Kiswahili nilizijua: mashimo 32, kete 64, kila mtu anaanza na kete 10 kwenye bao na 22 mkononi, na ukiweza kula kete za mwenzako lazima ule. Siku ya kwanza kukaa barazani Mji Mkongwe, mzee mmoja alinimaliza hata kahawa haijapoa.

Simu inakuonyesha mashimo yanayochezeka, halafu inakugawia kete yenyewe. Wewe unabonyeza tu. Jicho halizoei kukadiria shimo lina kete ngapi, wala kufuata mzunguko mpaka kete ya mwisho itue. Mimi pale nilianza kuhesabu kwa kidole. Mzee akausogeza mkono wangu taratibu: "Mwanangu, tazama." Nikatazama wiki tatu nzima.

Na waliokuwa wakitazama pamoja nami ndio walionifunza zaidi. Mmoja anasema huyu atakula kimbi, yaani shimo la pembeni mwa safu ya mbele, mwenzake anabisha, nami naweka jibu langu moyoni kabla ya mkono kushuka. Nikikosea najua papo hapo.

Mchezo ukiisha hawainuki. Siku moja nilifungwa, mzee akazirudisha kete zote kama zilivyokuwa zamu kadhaa nyuma, kwa kumbukumbu tu, akaniuliza: "Hapa ulifika nyumbani. Kwa nini ulilala?" Kwenye namua, hatua ya kuingiza kete za mkononi, nilikuwa naishika nyumba, lile shimo la mbele linalowekwa kete nyingi, kama amana. Kete zinajaa, nalala, yaani nakatisha zamu hapo, sithubutu kusafiri, yaani kuzigawa kete zake, mwisho yeye anaila yote. Akanichezesha safari ile ile mara nne, kila mara akibadili jibu lake. Nyumba niliielewa siku hiyo.

Simu usiitupe, inafaa kwa sheria. Ila nenda barazani, watu wengi hukaa baada ya alasiri. Usiombe kucheza siku hiyo hiyo. Salimia, nunua kahawa, kaa. Wakikupa nafasi, kubali bao la kujifunza, lile la kete mbili kila shimo, hata kama wanalicheza watoto. Hapo wataona mkono wako ulivyo na wapi pa kukurekebisha.

Upo mji gani? Kama ni Unguja niandikie, tutakwenda pamoja.