Muulize Shangazi: Malindi hadi Kisumu, tukilala garini

SWALI

Asalaam aleikum Shangazi. Dada yangu ameolewa Kisumu na juzi amejifungua. Nataka tukamwone kwa gari, mimi na mke wangu. Nina Vitz, ndogo lakini injini nzima. Pesa za gesti sina, kwa hivyo nimepanga nimlaze mke wangu humo humo garini, usiku mbili kwenda na mbili kurudi. Rafiki zangu wasema ni wazimu. Wewe wasemaje?
Msafiri, Shela, Malindi

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera kwa kuitwa mjomba. Si wazimu. Njia hiyo hiyo nimeilala mimi na marehemu mume wangu, ndani ya Starlet nyeupe, tulipompelekea binti yetu vyombo vyake. Nitakueleza tulivyofanya, pamoja na kosa lililotaka kutuua.

Safari ni kama kilomita 900. Ondokeni alfajiri. Mombasa mjini msiingie. Mkishavuka daraja la Kilifi, pale Mavueni kateni kulia, mpite Kaloleni mtokee Mariakani, mtakuwa mumeikwepa foleni yote. Kuna watakaokwambia upitie geti la Sala ukatokee Voi kwa ndani ya mbuga. Na Vitz? Usithubutu. Ni barabara ya vumbi, kuna ada ya kuingia, na saa kumi na mbili jioni mageti yafungwa.

Usiku wa kwanza laleni Mtito Andei, wa pili Nakuru. Na adhana ya magharibi iwakute mumeshaegesha. Hapo sitaki mjadala. Kati ya Voi na Mtito barabara imepita katikati ya mbuga mbili za Tsavo, Mashariki na Magharibi, na usiku unashindana na matrela yanayopitana huku ndovu naye anaweza kuwa amesimama lamini, rangi moja na giza.

Msilale kando ya barabara hata mkiwa hoi. Tafuteni kituo cha mafuta chenye taa, choo na askari wa usiku. Jazeni mafuta hapo, mumuombe ruhusa msimamizi, kisha mumsalimie askari kwa jina lake na mumpe ya chai mapema, si asubuhi. Yule wetu wa Mtito alituonyesha mahali pa kuegesha karibu na dirisha la keshia, na usiku kucha nilimsikia akizunguka na rungu lake, akigonga tairi za malori moja moja. Nikalala kama niko kwa mamangu. Gari liangalie nje, ufunguo uwe mahali pamoja mnapopajua nyote wawili.

Kitanda sasa. Tulijaribu kukunja viti vya nyuma tukajibana huko nyuma na mizigo, haikufaa, na likitokea la kutokea huwezi kurukia usukani. Laza viti vya mbele mpaka mwisho, ng'oa vile vimito vya kichwa, na pengo lililobaki hadi kiti cha nyuma lijaze mfuko wa nguo. Pale kiti kinapopinda, kiunoni, pana shimo ambalo hulioni mchana. Kunja leso mara nne uiweke hapo. Bila hiyo leso utaamka umejipinda kama ndoana. Pazia pia ni leso: bana ncha zake juu ya mlango ukiufunga, doti moja yatosha pande zote mbili. Kata na kipande cha chandarua ukibane vivyo hivyo, ndipo uteremshe kioo upana wa vidole viwili. Dawa ya mbu ya kuwasha usiiwashe ndani.

Na hapo kwenye kioo ndipo kosa letu lilipokuwa. Sisi watu wa pwani baridi hatuijui. Tulikuwa na shuka moja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Nakuru iko juu kuliko Nairobi. Usiku ule wa Nakuru tulifunga vioo vyote, pumzi zetu zikageuka maji yakawa yanatiririka kwenye kioo cha mbele na kunidondokea usoni. Saa nane mume wangu akawasha injini ili tupate joto, akapitiwa na usingizi. Niliamka kichwa chapasuka, nataka kutapika. Namwita, haitiki. Nilifungua mlango nikamburura kwa mkono nusu mwili ukatoka nje, nikampiga makofi mpaka akafungua macho. Kulipokucha fundi alitambaa chini ya gari akatuonyesha ekzosi imepasuka, moshi unaingia kwa chini ya miguu yetu. Hewa ile, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Waweza kuivuta usingizini usijue lolote. Kwa hivyo, mwanangu, ukishazima injini ili mlale, imezimwa mpaka asubuhi. Jiko la makaa ndani ya gari pia la, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Beba blanketi mbili nzito na soksi. Na kabla ya kutoka Malindi, fundi aikague ekzosi na breki.

Breki kwa sababu ya mteremko wa Mai Mahiu, mkishaiacha Nairobi kuelekea Nakuru. Weka gia ndogo ushuke taratibu, usikanyage breki moja kwa moja hadi zinuke. Chini huko, kando ya barabara, kuna kanisa dogo sana lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Simameni hapo mnyooshe miguu. Sisi wa Malindi tumeishi na Waitaliano miaka mingi, lakini mimi sikujua kuna waliofika nchi hii kwa mlango huo.

Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 190, kwa kupitia Kericho. Mtawahi chakula cha mchana kwa dada.

Jambo jingine. Umeandika "nimlaze mke wangu". Barua nzima sikuona mahali ulipomuuliza. Choo cha usiku wa manane kwa mwanamke si kama chako, na ni yeye atakayelala na buibui lake akisikiliza nyayo za watu nje. Muulize. Kisha usiku mmoja wa wiki hii, egesheni hapo hapo Shela nje ya nyumba yenu, leso dirishani, mlale hadi alfajiri. Asubuhi yeye ndiye aamue.