Chembe nyekundu ya damu: maswali yenu na majibu

Makala iliyopita kuhusu kipimo cha wingi wa damu ilileta maswali mengi, na karibu yote yanahusu seli moja: chembe nyekundu. Nimefurahi. Shuleni wengi tulichoreshwa seli kama duara lenye majina pembeni, kiini hapa, utando pale, tukapata alama zetu tano na kufunga daftari. Mchoro ule hausemi lolote kuhusu kinachotendeka ndani: molekuli ipi inaishika ipi, kwa nguvu gani, na inaiachia lini. Maswali yenu yote yaliangukia hapo.

Nimesoma kwamba chembe nyekundu haina kiini, kwa hiyo haina DNA. Mbona basi kipimo cha kumjua baba wa mtoto huweza kufanywa kwa damu? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tabora)

DNA hiyo hutoka kwenye chembe nyeupe, ambazo zina viini. Chembe nyekundu hutupa kiini chake ikiwa bado kwenye uboho wa mfupa, ikaingia kwenye mishipa ikiwa imejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni, molekuli kama milioni 270 kwa kila chembe. Baada ya hapo haiwezi tena kutengeneza protini mpya. Huishi takriban siku 120, ikichakaa huondolewa, hasa kwenye bandama na ini. Kuku na samaki hawako hivyo, chembe zao nyekundu zina viini. Kama shule yenu ina hadubini, mwombe mwalimu tone la damu ya kuku siku ya mahafali, mtaviona wenyewe.

Majirani zetu walilala na jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi. Wawili hawakuamka. Hapakuwa na moshi. Ni nini kiliwaua? (Msomaji, Njombe)

Poleni sana. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Kila himoglobini ina sehemu nne za kushikia oksijeni, na katikati ya kila sehemu kuna atomu ya chuma. Uhodari wake hauko kwenye kushika peke yake. Hushika mapafuni, na ikifika kwenye ubongo na misuli huachia. Kaboni monoksidi hushika chuma kilekile kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni: ni abiria aliyekaa kwenye daladala akagoma kushuka. Ubaya wa pili hautajwi sana. Sehemu moja au mbili zikishakaliwa na gesi hiyo, umbo la himoglobini nzima hubadilika, na sehemu zilizobaki huing'ang'ania oksijeni yao. Damu inafika kwenye ubongo ikiwa na oksijeni na inaondoka nayo.

Hata kile kifaa cha kubana kidoleni hudanganyika, kwa sababu kwake himoglobini iliyokaliwa na gesi hiyo inafanana na iliyobeba oksijeni. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea na usingizi mzito. Mtoeni mtu nje mara moja, kisha awahishwe hospitali apewe oksijeni. Na tafadhali, kuacha dirisha wazi kidogo si kinga. Jiko lilale nje.

Mwanangu ana sikoseli. Daktari aliniambia ni "herufi moja" tu imekosewa. Herufi moja inawezaje kumliza mtoto usiku kucha? Na kwa nini kila kliniki wanasisitiza maji? (Mama, Musoma)

Mama, daktari alisema kweli, na swali lako la maji ni zuri kuliko unavyodhani.

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino, yaani vijenzi vya protini, 146. Ya sita inapaswa kuwa asidi ya glutamiki, na kwa mwanao ni valini. Kwenye jeni, herufi A imekuwa T, basi. Mwaka 1949 mkemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti ikipitishwa kwenye umeme, wakautangaza kuwa ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha ni asidi amino ipi hasa iliyobadilika.

Asidi ya glutamiki ina chaji ya umeme na hupatana na maji. Valini haina chaji na huyakwepa maji. Himoglobini ikiwa imebeba oksijeni, tofauti hiyo haileti shida. Ikiiachia, umbo lake hubadilika na kishimo kidogo kisichopatana na maji hujitokeza, na valini ya molekuli jirani huingia humo. Ya pili huishika ya tatu, ya tatu huishika ya nne, mpaka zinatokea nyuzi ndefu ngumu zinazousukuma utando, na chembe inapinda. Ikirudi mapafuni nyuzi huyeyuka na chembe hunyooka, lakini ikipinda na kunyooka mara nyingi utando huharibika, na nyingine hubaki zimepinda daima. Chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo, damu haipiti, na tishu iliyo mbele inakosa oksijeni. Hayo ndiyo maumivu ya mifupa unayoyaona usiku.

Sasa maji. Nyuzi hazianzi kukua papo hapo. Kuna muda mfupi wa kuchelewa, na chembe ikiwahi kupita kwenye mshipa mwembamba ndani ya muda huo, imepona safari hiyo. Muda huo unategemea mno jinsi himoglobini ilivyosongamana ndani ya chembe. Chembe ikipoteza maji kidogo, msongamano hupanda kidogo, lakini muda wa kuchelewa hupungua kwa mara nyingi. Kwa hiyo mtoto aliyecheza juani bila kunywa, aliyeharisha au mwenye homa yuko hatarini. Baridi nayo hubana mishipa na kuzikawiza chembe njiani. Chupa ya maji iwe begini mwake kila siku, na mwalimu wa darasa ajue kwamba mtoto huyo haombi ruhusa ya kwenda chooni kwa utundu.

Mimi na mume wangu ni AS. Mtoto wa kwanza ni SS. Mama mkwe anasema wa pili atakuwa salama kwa sababu zamu imeshapita. (Tanga)

Hakuna zamu, dada, mwambie kwa adabu. Kila mimba inaanza upya: uwezekano wa SS (mwenye sikoseli) ni robo, AS (mwenye jeni moja tu la sikoseli, kama ninyi) nusu, AA (asiye na jeni hilo) robo, hata kama mna watoto sita. Na kwa kuwa lawama mara nyingi humwangukia mama, niseme wazi: mtoto wa SS amepokea jeni moja kwa mama na moja kwa baba. Ukijifungua, omba mtoto apimwe mapema.

Mimi ni AS. Ina maana siugui malaria? (Msomaji, Kilifi)

Unaugua, kaka, chandarua usikitupe. Kinga yako kubwa ni dhidi ya malaria kali, ile ya kupoteza fahamu na kuishiwa damu. Kwa mtoto wa AS, hatari ya kuipata ni pungufu kwa karibu asilimia 90 akilinganishwa na wa AA.

Aliyeunganisha mambo haya mawili ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa jamii mbalimbali za nchi hiyo. Pwani na kando ya Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni la sikoseli, na kwenye nyanda za juu chini ya mmoja. Mtu anayejua malaria inakokaa angeona hapohapo. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake, ukiwemo wa wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea kuambukizwa malaria: kati ya 15 wasio na jeni, 14 walipata vimelea, na kati ya 15 wenye jeni, wawili tu. Jaribio hilo bado linanikaa vibaya nikilisoma.

Jinsi kinga hiyo inavyofanya kazi bado inachimbuliwa, na hapa ndipo utafiti unanoga. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kikishaingia kwenye chembe hutengeneza protini iitwayo PfEMP1 na kuipeleka hadi juu ya utando, ili chembe inate kwenye ukuta wa mshipa isije ikapita kwenye bandama na kuteketezwa. Ili kuisafirisha, hupora aktini, protini ya kiunzi cha chembe yenyewe, na kuijengea njia. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba penye himoglobini S, yaani ile ya sikoseli, njia hizo huvurugika. Pia oksijeni ikipungua, kimelea kilicho ndani ya chembe ya AS hudumaa.

Na kwa kuwa uko Kilifi, kuna jambo la kwenu hasa. Kuna aina ya damu iitwayo Dantu, adimu kwingi duniani lakini inayoonekana zaidi pwani ya Kenya. Kwa mwenye Dantu, jeni mbili za protini za utando, yaani glikoforini, zimeungana kuwa kitu kimoja. Mwaka 2020 watafiti wa Kilifi na wenzao wa Cambridge walichapisha walichokiona kwa hadubini: utando wa chembe za Dantu umekaza zaidi. Kimelea hugusa, husukuma, hushindwa kuingia. Hapo kinachomkinga mtu ni ule mkazo wa utando.

Falciparum ina mlango mmoja isiyoweza kuukwepa. Protini yake RH5 lazima ishikane na basigini, protini iliyo juu ya chembe nyekundu, jambo lililogunduliwa mwaka 2011. Ndiyo maana kuna chanjo inayotengenezwa ili kingamwili ziifunike RH5 isishikane, na mojawapo ya majaribio yake ya awali yalifanyika Bagamoyo.

Nina kisukari. Siku tatu kabla ya kliniki nilijinyima kila kitu, sukari ya kidole ikatoka nzuri kabisa. Lakini kipimo cha HbA1c kikaniumbua. Kimejuaje? (Mzee, Mombasa)

Mzee wangu, kimesoma kumbukumbu. Sukari iliyo kwenye damu hujibandika kwenye himoglobini polepole bila msaada wa kimeng'enya chochote, na ikishakaa imekaa mpaka chembe ife. Kwa kuwa chembe huishi siku kama 120, kipimo huonyesha wastani wa miezi miwili mitatu. Asilimia 6.5 na kuendelea ni kiwango cha kisukari. Siku tatu hazifui dafu.

Ila kipimo hiki nacho hukosea, na wagonjwa hawaambiwi vya kutosha. Mwenye SS chembe zake hufa mapema sana, hazipati muda wa kubandikwa sukari, hivyo namba hutoka chini kuliko ukweli. Aliyeongezewa damu karibuni pia asiiamini. Upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha. Kama lolote kati ya hayo linakuhusu, mwambie daktari kabla hajabadilisha dawa.

Je, juisi ya choya inaongeza damu? Nyekundu yake inafanana na damu. (Morogoro)

Wekundu wake hauhusiani kabisa na himoglobini. Kinachotakiwa ni madini ya chuma, foleti na protini. Uchachu wa choya unaweza kusaidia chuma cha mboga na maharage kufyonzwa, kwa hiyo inywe pamoja na chakula, na chai ya rangi isubiri saa moja au mbili, kwa maana chai huzuia chuma.

Mwanangu ameandikiwa haidroksiurea kwa ajili ya sikoseli. Nimeona kwenye simu kwamba ni dawa ya saratani, nikaificha kabatini. (Baba, Mwanza)

Itoe kabatini. Ni kweli ilitumika kwanza kwenye saratani, na ni kweli pia kwamba inamsaidia mwanao.

Kila mtu akiwa tumboni hutumia himoglobini nyingine, yenye minyororo ya gama badala ya beta. Baada ya kuzaliwa, jeni za gama huzimwa taratibu na beta kushika nafasi. Ndiyo sababu mtoto wa SS huonekana mzima miezi ya mwanzo. Ile himoglobini ya kichanga haiingii kwenye nyuzi nilizomweleza mama wa Musoma, na ikiwemo ya kutosha, muda wa kuchelewa hurefuka. Haidroksiurea huifanya irudi kwa kiasi.

Matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 600 huko Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale yalichapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua. Malaria, ambayo wengi walihofia ingepanda, ilishuka kwa karibu nusu. Lakini dawa hii hupunguza kasi ya seli kugawanyika kwenye uboho, kwa hiyo damu lazima ipimwe mara kwa mara na dozi iendane na uzito. Usiruke kliniki.

Utasikia pia habari za tiba ya jeni. Mwaka 2008 wanasayansi walitambua kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo inayosaidia kuzima gama. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya Casgevy: seli za uboho hutolewa, BCL11A inadhoofishwa humo kwa teknolojia ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR, kisha zinarudishwa baada ya mgonjwa kupewa dawa kali za kusafisha uboho wa zamani. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa mtoto wa Mwanza hiyo kwa sasa ni habari ya gazetini, wakati kidonge kilicho kabatini kinafanya kazi kwa kupitia himoglobini ileile. Mkirudi kliniki, uliza himoglobini F yake, yaani ile ya kichanga, ilikuwa asilimia ngapi kabla ya dawa na sasa ni ngapi, kama hospitali ina mashine ya kuipima.