Re: Vichaka tu vinawakaje kasi hivyo California?

Mkuu umeuliza vichaka vya kimo cha mtu vinawashindaje Wamarekani na mandege yao yote ya kuzima moto. Usividharau, hivyo vichaka vya huko vinavyoitwa chamise na manzanita majani yake yana mafuta, na kule mvua ni za majira ya baridi, sasa ikifika Julai miezi imepita hata tone hakuna, kijiti kinakatika kama biskuti. Halafu ni milima, moto ukipanda unakausha vya juu kabla haujavifikia, ndo maana unamkimbiza mtu na kumpita.

Cheki moto ulioitwa Carr Fire wa 2018 karibu na Redding, mji wa kaskazini mwa California, trela ilipata pancha, rimu ikasugua lami, cheche zikarukia majani makavu, basi. Pancha tu jamani! Siku tatu baadae, tarehe 26 Julai, kikatokea kimbunga cha moto chenye upepo wa kilomita kama 230 kwa saa, minara ya umeme ikalala chini, na moto ukavuka mto Sacramento. Ziliungua zaidi ya hekta 90,000.

Hayo mandege nayo moshi ukiwa mzito hayarushwi, kwahiyo huyo shemeji yako aliyeko huko akiambiwa ahame asikae kusubiri kuuona moto kwa macho.